Nyanya za asili: tunasifia umri au mbegu?

Kila mtu akisifia nyanya za asili, zile za mbegu za kurithishana kutoka kwa bibi mpaka kwa mjukuu, sifa ya kwanza ni umri, eti ya zamani ndo ya kweli, na mimi nazipenda sana hizi nyanya lakini hoja hiyo naona haishiki. Green Zebra, ile ya kijani yenye mistari, watu wanaihesabu ya asili kabisa kumbe mzalishaji mbegu Tom Wagner kaitoa 1983 huko Marekani. Mortgage Lifter nayo, fundi wa redieta wa West Virginia aliichavusha mwenyewe kwa aina kubwa kubwa alizokuwa nazo miaka ya 1930, akauza mche dola moja moja mpaka, inavyosimuliwa, akamaliza deni la nyumba la dola 6,000. Yani ilizaliwa chotara, akawa anachagua mbegu msimu kwa msimu hadi ikatulia.

Wanaotetea haibridi, yani mbegu chotara za kisasa, wana hoja nzito, tusiwabeze. Nyanya asili yake ni Amerika Kusini, ikalimwa Meksiko, Ulaya ikafika karne ya 16 na mbegu chache tu ndo zilivuka bahari, kwa hiyo pamoja na rangi zote hizo tunazoshangilia damu yake ni finyu, mnyauko ukiingia shambani nyingi hazina kinga. Kinga ya mnyauko fuzari, unaoletwa na kuvu, na ya minyoo fundo inayoshambulia mizizi ilitolewa kwa nyanya pori ikaingizwa kwenye mbegu za kisasa, na anayeishi kwa mavuno huwezi kumlaumu akizichagua.

Ila kwenye ladha kuna kitu kilipotea kweli. Wazalishaji wa mbegu walitaka tunda liive rangi moja, bila yale mabega ya kijani karibu na kikonyo, na 2012 watafiti wakaonyesha kwamba badiliko la jini linaloleta huo usawa ndo linapunguza sukari ndani ya tunda.

Kwangu mimi uzito uko kwenye mbegu yenyewe. Ya haibridi ukiitunza, watoto wanatoka kila mmoja na sura yake, msimu ujao unanunua tena. Nyanya ya asili iitwayo Cherokee Purple ilimfikia Craig LeHoullier, mkusanyaji mbegu wa Marekani, 1990 kwa posta kutoka Tennessee, na habari kwamba ilitoka kwa Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, ni ya mdomo tu, lakini mbegu alizotumiwa zilizaa nyanya zilezile za zambarau, akazikausha akagawa, waliopewa nao wakagawa.