Kilio cha mtoto kisitupiwe sahani ya mama

Eti mama anayenyonyesha aache maharagwe na kabichi kwa sababu vinamjaza mtoto gesi. Hapo napinga, tena napinga kama mtu aliyeviacha kweli. Mwanangu wa kwanza alikuwa akilia kila jioni, nami nikawa nafuta chakula kimoja kimoja: wiki hii maharagwe, wiki ijayo mayai, kisha maziwa, mpaka nikabaki na wali mtupu na kujilaumu. (Siku moja nilikula chokoleti nimejifungia bafuni, kama mwizi.) Kilio hakikujali. Kilikwisha chenyewe alipokaribia miezi 3, kama kwa watoto wengi, maana kilele chake huwa kwenye wiki ya 6 hivi. Gesi ya maharagwe hutokana na nyuzinyuzi kuchachuka kwenye utumbo wa mama. Nyuzinyuzi hizo haziingii kwenye damu, na maziwa hutengenezwa kutokana na vilivyomo kwenye damu. Vinavyopita ni kama pombe, kafeini, na protini kidogo ya maziwa ya ng'ombe, ambayo watoto wachache wana mzio nayo. Ukiona damu kwenye choo cha mtoto, nenda kwa daktari, usianze kubahatisha jikoni. Na huku tunakatazwa hiki na kile, mwili wa mnyonyeshaji unadai hadi kalori 500 za ziada kwa siku! Wenzangu, kuna aliyewahi kuambiwa "ongeza" badala ya "acha"?