Zege nane za msafara wa meya

Kwanza niseme kabisa, meya mi sijampigia kura. Sio kwamba nilimnyima, hakuna mwananchi aliyempa, meya anachaguliwa na madiwani wenzake huko ukumbini, sisi huku tunachagua diwani tu alafu diwani akifika kule ndo wanaangaliana nani avae joho na mkufu. Hili nimelijua mwaka huu nikiwa na miaka 43 na kibanda cha chipsi. Miaka yote nilikuwa namsema meya kwa kujiamini kama mtu niliyemwajiri mwenyewe, kumbe nagombeza mtoto wa jirani.

Shida yenyewe ni mtaro. Hapa mbele ya kibanda, Dar hii hii ila upande ambao watalii hawaletwi, kuna mtaro wa maji ya mvua, mfuniko wake waliondoka nao watu wa vyuma chakavu, likabaki shimo limeachama kama linasubiri kulishwa. Na linalishwa kweli. Limeshameza tairi la mbele la bajaji, limemeza mbuzi wa shehe (alitolewa mzima, siku hizi akifika hapa anazunguka kwa nyuma, yani mbuzi anajua mipango miji kuliko watu wa mipango miji), na masika ya juzi likanimeza mimi na ndoo ya viazi nilivyokwisha kuvimenya. Nimezama mpaka kiunoni, ndoo nimeinyanyua juu kama nahodha aliyechukua kombe, wateja wamesimama pale juu wanauliza "oya, viazi vimepona?" Mimi hakuna aliyeniulizia.

Nikasema leo naenda mpaka mwisho. Serikali ya mtaa nikaambiwa andika barua. Nikaandika. Ipite kwa mjumbe kwanza. Mjumbe yuko msibani Korogwe. Karudi, kasaini, mtendaji akaniambia kuna mchango kidogo wa karatasi na wino, nikamwambia boss karatasi ni yangu na wino ni wangu, akanijibu kwa upole kabisa, basi ni mchango wa muhuri. Nikapanda kata, kata wakanipandisha manispaa, na nawaambia zile ngazi za manispaa ukifika juu unakuwa umesahau ulikasirikia nini. Kule nikakutana na dada mmoja mstaarabu sana akasoma barua mpaka chini, akaikunja, akaniambia "baba, barabara na mitaro yake sio ya kwetu, tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini." Nikamuuliza sasa mheshimiwa meya yeye anashughulika na nini? Akasema kuna mambo mengi, mfano usafi. Nikamwambia haya, taka pale kwangu zina wiki mbili. Akasema taka ni za mkandarasi.

Nikashuka ngazi.

Alafu kuna watu watakwambia zamani ilikuwa afadhali. Zamani ipi? Tulikuwa na meya wawili, wa manispaa na wa jiji, na shimo lilikuwa moja. Februari 2021 Magufuli akaivunja halmashauri ya jiji, Ilala ikapandishwa ndo ikawa jiji, sisi wengine tulilala tuko jijini tukaamka tuko manispaa tu, tumebaki na meya mmoja na mashimo matano.

Ila kwenye kukusanya, aisee, pale hakuna cha hii ni ya yule na ile ni ya huyu. Kile kitambulisho cha mjasiriamali cha 20,000 bado nimekitundika ukutani kama cheti cha ndoa. Ada ya taka nalipa. Kodi ya jengo, mi mpangaji, jengo sio langu, mwenye nyumba yuko Mbagala anakula bata, lakini inakatwa kwenye luku yangu mimi, ilianza buku kwa mwezi 2021, baadaye ikawa buku jero, mwenye nyumba nikimwambia tukatane kwenye kodi ananiuliza kwani umeme anawasha nani. Na yule kijana wa ushuru na kimashine chake hajawahi kukosa hata siku ya mvua, akifika kwenye mtaro anauruka kwa mguu mmoja bila kuangalia chini. Ameukariri. Kwa hiyo taarifa ya shimo manispaa wanayo, inaenda na kurudi kila siku kwa miguu.

Nikaenda mpaka kwenye baraza la madiwani, maana linakaa kila baada ya miezi mitatu na mwananchi unaruhusiwa kukaa nyuma kusikiliza. Kusikiliza tu, mdomo unaacha getini. Nikamuona meya kwa macho yangu amekalia kile kiti kirefu, joho jekundu, jasho linamtiririka, na pembeni yake mkurugenzi na shati lake la mikono mifupi katulia tuli. Mzee mmoja tuliyekaa naye akaninong'oneza, unamuona huyo asiye na joho? Huyo kateuliwa na Rais, ndo mtendaji mkuu, mafaili na fedha viko kwake. Nikamuuliza na mwenye joho? Akasema ni mwenyekiti wa kikao. Basi nikamuonea huruma mheshimiwa, joho lote lile kwa joto la Dar, kumbe ni MC.

Huruma iliisha siku ya ziara.

Usiku wa kuamkia ziara likaja lori la kifusi, likamwaga kwenye lile shimo, asubuhi watu wamefagia mpaka vumbi limeisha, kibanda changu kikahamishwa nyuma ya mwembe ili nisiharibu mandhari. Msafara ukafika saa nane mchana, ulitangazwa saa tatu. Meya akashuka, akasimama juu ya kifusi kile kile, akasema changamoto ya mtaro ameipokea, ameibeba, inaendelea kufanyiwa kazi. Nikasema moyoni, mheshimiwa hujaibeba, umeikanyaga. Akapanda gari akaondoka. Waliobaki ni vijana wake wa magari ya nyuma, harufu ya mafuta ikawaleta mpaka nyuma ya mwembe. Wakaagiza zege nane, yani chipsi mayai, na mishikaki kumi na sita, kachumbari ya kutosha, pilipili kwa mbali. Nikakaanga kwa mapenzi yote, nikajua leo serikali imenikumbuka. Wakamaliza, mmoja wa kaunda suti akajifuta mdomo akauliza bei gani jumla, nikamwambia 32,000. Akasema network inasumbua, nipe namba, nakutumia nikifika ofisini.

Ijumaa mvua ikashuka. Kile kifusi kimeziba mtaro wote, maji hayana pa kwenda, yakaja kwangu. Gunia la viazi linaelea, jiko limezima, mama watoto amesimama juu ya stuli ameshika kreti la mayai ananiangalia mimi, kama vile mi ndo meya. Nikatamani nimwambie mwenzangu hata mimi hukunichagua, tulikutanishwa na shangazi, nikanyamaza.

Wiki ya tatu sasa. Kumpigia yule wa kaunda suti nimepiga mpaka vocha imeisha, meseji nimetuma ya kistaarabu, nikatuma ya kati, jana nikatuma ya kimtaa kidogo. Leo asubuhi simu ikaita tii, nikajua muamala umeingia, nikawakusanya mpaka majirani. Nafungua, kaandika: "Ndugu mwananchi, changamoto yako ya chipsi imepokelewa, inafanyiwa kazi."

Nikamuuliza lini.

Akajibu: "Bajeti ijayo."