Acheni kubania sabuni, povu litakuja tu

Kila nikisikia mtu analalamika ati sabuni ya kunyolea ya kipande haitoi povu, swali langu ni moja: ulizungusha brashi juu ya sabuni kwa muda gani? Jibu huwa "kidogo tu", na kesi inaishia hapo.

Mi mwenyewe nilipoanza nilikaa kama miezi miwili napiga povu la kutisha, limejaa bakuli mpaka linamwagika, najiona fundi kabisa, alafu napaka usoni, nageuka kuchukua wembe, nikirudi kwenye kioo shavu la kushoto limeshakauka na kilichobaki ni viputo kama vya ndoo ya kufulia. Wembe unakwaruza, shingo inawaka siku nzima. Nikailaumu brashi, nikanunua nyingine. Yale yale.

Kumbe nilikuwa najipaka hewa. Povu ni sabuni, maji na hewa, na hewa haina haja ya kuhangaikiwa maana inaingia yenyewe ukianza kukoroga, kinachoufanya wembe uteleze ni hivyo viwili vya kwanza. Kwahiyo ukiona povu limefura haraka na limejaa viputo vikubwa usifurahi, sabuni ni kidogo hapo au maji yamezidi.

Sikuhizi nafanya hivi. Brashi yangu ni ya manyoya ya nguruwe so naiacha kwenye maji ya vuguvugu dakika chache, kwasababu manyoya yenyewe yanakunywa maji na usipoyashibisha mapema yatakuibia maji ya povu katikati ya shughuli (za nailoni hazinywi maji, unachovya unaendelea). Naikung'uta, alafu nazungusha juu ya sabuni sekunde 30, ikiwa ngumu hata 40. Mwanzoni vinakuja viputo vyepesi, wengi ndo wanaachia hapo, usiachie, endelea mpaka uone kitu kizito kama gundi kimeganda kwenye ncha za brashi.

Ndo nahamia usoni. Maji naongeza kwa kuchovya ncha tu, nazungusha, nachovya tena, kwa upole. Povu linaanza likiwa limefifia kama chaki, linavuta vuta, na ukilisugua kati ya vidole viwili linakwama. Matone kadhaa baadae linaanza kung'aa, uzito wake unakuwa kama rangi ya mafuta iliyokorogwa vizuri, ukiinua brashi kinabaki kinundu kinachoinama chenyewe, na vidole sasa vinateleza. Hapo simama! Kosa la pili la wengi ni kuogopa maji, wanabaki kwenye chaki wakidhani uzito ndo ubora.

Kuna wanaofanya yote haya na bado povu linakufa, hao nawaambia waangalie maji yao. Maji magumu yana kalsiamu na magnesiamu, zinashikana na sabuni zinakuwa ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni, yaani sehemu ya sabuni yako inakufa kabla haijafanya kazi. Jaribu siku moja na maji ya mvua uone tofauti. Kuchemsha kunasaidia kama ugumu ni wa muda, wa kudumu hautoki hivyo, dawa ya rahisi ni kuongeza sabuni.

Na tafadhali, sabuni ya kuogea sio mbadala. Ya kunyolea huwa na asidi ya steariki nyingi, inayofanya povu liwe zito na lidumu, na mara nyingi inatengenezwa na potasiamu hidroksidi pamoja na ile ya sodiamu, ndo maana inayeyuka kirahisi kwenye brashi. Ya kuogea nyingi ni za sodiamu tu, povu lake halikusubiri umalize hata upande mmoja, mi naona ni kujitesa bure.

Bakuli au usoni? Anayejifunza atumie bakuli maana anaona kinachoendelea, akishazoea achague mwenyewe, huo ubishi hata siuingii.

Jana nimepitisha wembe mara tatu, nikakamua brashi, bado ilikuwa na povu la kumtosha mtu mwingine. Na ni ile ile brashi ya kwanza, niliyoilaumu.