Sumukuvu haianzii kiwandani

Julai 2019 Tanzania iliondoa usimamizi wa usalama wa chakula TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, na kuukabidhi TBS, shirika la viwango. Kwa mwenye kiwanda cha unga hiyo ilikuwa nafuu ya kweli. Kabla ya hapo alisajili jengo na bidhaa TFDA, akaomba alama ya ubora TBS, na kila taasisi ilikuja na ada na ukaguzi wake. Mjasiriamali mdogo mwenye barua ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, huanza kupata alama hiyo bila malipo.

Hata hivyo, ada ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Jengo ndilo linalomaliza mtaji: ghala lililotengwa na chumba cha kusagia, sakafu inayosafishika, vyoo, mahali pa kubadilishia nguo. Wengi hukwamia hapo, wakaendelea kuuza unga kwenye mifuko isiyo na jina.

Wakaguzi nao wana hoja nzito. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na fangasi, yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 maafa kama hayo yakatokea Dodoma na Manyara. Sumu haijali ukubwa wa mtaji, kwa hiyo kumlegezea mdogo kwa sababu tu ni mdogo ni kumhatarisha mlaji wake, ambaye mara nyingi ni maskini. Na Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, hata aliyekuwa na mzigo safi alikwama.

Nakubaliana na wakaguzi kuhusu hatari, si kuhusu mahali wanapoikabili. Fangasi hawa huanzia shambani na kushamiri ghalani, mahindi yakihifadhiwa kabla hayajakauka. Kukoboa hupunguza sumu kiasi, ila kusaga hakuiondoi, na vigae vya ukutani havina la kufanya nayo. (Panya, sawa, vitawazuia.) Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Hicho ndicho kipimo ambacho msagaji anaweza kukisimamia mwenyewe, gunia kwa gunia, kabla hajalipa.

Basi sharti la kwanza la leseni liwe kipima unyevu na daftari la kila mzigo ulionunuliwa, huku TBS ikichukua sampuli sokoni bila taarifa. Jengo lipewe muda wa kuboreshwa. Halmashauri zinazotoza ushuru wa mazao zinaweza kupima unyevu papo hapo zinapokata risiti.