Friji ya gesi kwenye karavani: kazi iko nyuma yake

Fundi akipewa friji ya propani aifunge kwenye karavani, yaani nyumba ya magurudumu, akili yake yote huenda kwenye bomba la gesi. Si vibaya, gesi haichezewi. Lakini kuunga bomba ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni njia ya hewa nyuma ya friji, na hapo ndipo wengi wanapolipua kazi, kisha friji ikishindwa kugandisha wanasema ni mbovu.

Friji hii haina kompresa, ile pampu ya friji za kawaida. Mwali mdogo huchemsha maji yenye amonia. Mvuke wa amonia hupanda hadi kwenye kondensa juu, hupoa na kuwa kimiminika, halafu hushuka, hukutana na haidrojeni na kuvukiza tena huku ikinyonya joto la ndani ya friji. Wasweden wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliibuni mwaka 1922 wakiwa bado wanafunzi huko Stockholm, na kanuni ni ileile mpaka leo. Maana yake ni kwamba joto lote hutupwa mgongoni. Lisipopata pa kutokea, amonia haigeuki kimiminika, na mwali utawaka usiku kucha bila faida.

Kwa hiyo tundu huwa mbili. La chini hukatwa kwenye ukuta wa nje, na ukingo wake wa chini usizidi usawa wa sakafu ya friji. Sababu ni mbili: hewa baridi iingie kuanzia chini kabisa, na propani ikivuja ijimwage nje yenyewe, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu. La juu liwe kwenye paa, wima juu ya kondensa. La ukutani linakubalika, lakini hewa hulazimika kupinda ili itoke, na pembe hiyo ya juu hugeuka mtego wa joto.

Halafu kuna kosa lisiloonekana: nafasi iliyozidi. Mtu huacha sentimita 10 nyuma ya friji akidhani anaipa hewa ya kutosha. Hewa ni mvivu, hupita palipo rahisi. Itapanda ikiambaa ukuta wa nje bila kugusa mapezi ya kondensa, yale mabati membamba ya kupoza, hata kidogo. Kati ya mapezi na ukuta inatakiwa milimita 25 hivi au pungufu. Kipimo kamili kiko kwenye kijitabu cha friji yako, na hicho ndicho cha kufuata. Pengo likiwa kubwa, funga bati ukutani, chini kidogo ya kondensa, lililolala kwa mshazari ili liisukume hewa kuelekea kwenye mapezi. Bati lingine lianzie ukingo wa juu wa friji na kupinda hadi kwenye tundu la kutokea, lizibe uwazi ulio juu ya friji. Pande nazo zizibwe.

Feni za volti 12 husaidia palipo na joto kali, hasa zikiwekwa karibu na kondensa zikivuta hewa juu na kuwashwa na swichi ya joto. Ila feni haisahihishi tundu lililokatwa vibaya, na ikipuliza kuelekea kwenye mwali itauzima.

Chumba cha mwali lazima kitengwe kabisa na mnapolala. Hewa ya kuchomea ivutwe kutoka nje, na moshi urudi nje. Kipimo chake ni rahisi: usiku, mmoja amulike kwa tochi kupitia tundu la chini, mwingine akae ndani taa zikiwa zimezimwa. Mwanga ukipenya kwenye kona yoyote ya kabati, kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi, nayo itapenya. Ziba kwa bati, utepe wa alumini na silikoni ya kuhimili joto. Povu la kujaza mianya lisikaribie bomba la moshi, linashika moto.

Kwenye gesi: maungio ya shaba yaliyopanuliwa mdomo hayafungwi utepe wala gundi, chuma kwa chuma ndicho kinachoziba. Tumia spana mbili, moja ishike, nyingine ikaze, la sivyo utalisokota bomba. Linapopita sakafuni livishwe mpira, kwani mtikisiko wa barabara huukata mrija taratibu. Weka valvu ya kufungia karibu na friji, kisha pima mgandamizo: Marekani ni takriban milibari 27.5, Ulaya nyingi ni 30, na kibao cha vipimo cha friji yako ndicho chenye neno la mwisho. Kuvuja hutafutwa kwa povu la sabuni isiyo na amonia, kamwe si kwa njiti.

Ukiegesha, weka pimamaji ndani ya sehemu ya kugandishia. Friji nyingi huvumilia mwinamo wa nyuzi 3 upande kwa upande na 6 mbele na nyuma. Safarini mtikisiko hulichanganya jimaji, yaani yale maji yenye amonia. Hatari ni kusimama kwenye mteremko friji ikiwaka. Jimaji hutuama, kichemshio hukauka na kupata joto kupita kiasi, na chumvi zilizomo huganda na kuziba mirija. Ukiona unga wa manjano au ukinusa amonia, zima, fungua milango, toka. Mtambo huo hubadilishwa, hauzibwi.

Mwali mzuri ni wa buluu. Wa manjano huleta masizi, na mara nyingi chanzo ni buibui aliyejenga kwenye bomba la kichomeo, au kutu iliyodondoka kutoka kwenye bomba la moshi. Safisha kwa brashi. Kitundu cha gesi usikichokonoe kwa sindano, kitapanuka. Kiloweke kwenye spiriti kikauke chenyewe. Zima mwali kabla ya kuingia kituo cha mafuta, si ukishafika kwenye pampu. King'ora cha propani kiwe karibu na sakafu, cha kaboni monoksidi karibu na vitanda.

Kama nafasi uliyo nayo haigusi ukuta wa nje, usiilazimishe. Nunua friji ya kompresa ya volti 12, na fedha za kukata tundu ziongezee kwenye betri.