Kumbukumbu za Ukoo, Spea Zangu

Kosa langu lilikuwa moja tu: nilisema kwa sauti. Tulikuwa Kibosho, kwetu mlimani Kilimanjaro, siku ya pili ya Krismasi, mtori umeisha, mbege imebaki ile ya chini yenye machicha. Nikaitazama Peugeot 504 ya marehemu baba imezama migombani mpaka kwenye taa, nikasema, "Hili gari mtu akiamua, linawaka." Nilitegemea wacheke. Ukoo wetu hucheka kila ninachosema. Siku hiyo wakanyamaza kwa heshima, Baba Mdogo akajifuta macho, na kabla sijameza funda nikawa nimeshateuliwa.

Watu wananiuliza mjini, "Hivi wewe uliamuaje?" Sikuamua. Niliamuliwa.

Kikwazo cha kwanza hakikuwa kutu. Kilikuwa kuku. Peugeot hii ni ile ya familia, ndefu, yenye safu tatu za viti, na kwenye safu ya tatu kuku wa mama, mweusi mwenye kishungi, alikuwa amelalia mayai kumi na moja. Mama akatamka kwamba gari halitoki mpaka vifaranga vitoke. Siku 21, ndugu zangu! Na mimi nimeshamlipa nusu mtu wa lori la kuvuta. Nikampigia nikamwambia tuahirishe, kuna mzazi ndani ya gari. Akashtuka: "Sasa mbona hamumpeleki hospitali?"

Ngoja niwaambie lilivyopatikana, muone kwamba bahati yangu ni ya kurithi. Mwaka 1975 baridi iliunguza mibuni kule Brazili, bei ya kahawa duniani ikapaa, na wakulima wa huku mlimani wakashika hela wasizozizoea. Wenye akili wakaezeka nyumba bati. Baba yangu akanunua Peugeot kwa mzungu mmoja wa mashamba aliyekuwa anafungasha mizigo. Hiyo ilikuwa Januari 1977. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na spea zote ziko Nairobi. Ukafunguliwa 1983. Miaka yote hiyo mzee aliliendesha gari la Kifaransa kwa sabuni, mpira wa baiskeli na rozari. Tangi likivuja, anasugua kipande cha sabuni ya mche. Rejeta ikivuja, anaacha injini ipoe, anapasua yai la kienyeji humo ndani, anawasha tena. Yai linaivia kwenye tundu na kuziba. Mama akihesabu mayai asubuhi, anajua gari limeamkaje.

Mafuta nayo yakaadimika, serikali ikapiga marufuku magari ya binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Jumapili! Siku pekee ambayo mtu wa Kibosho anaonwa na watu! Misa ya pili ikirefuka, baba alikuwa anamtazama padri kama mtu anayemdai.

Basi, vifaranga vikatoka tisa, gari likaletwa kwangu Pasua, Moshi mjini, likining'inia nyuma ya lori, watoto wa mtaa mzima wakikimbia pembeni. Mama watoto akatoka na beseni la nguo, akalizunguka mara moja, akauliza, "Na kamba yangu ya kuanikia itaenda wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nguo zinaanikwa juu ya gari. Mashuka kwenye boneti, suruali zangu kwenye mlango wa nyuma. Mgeni akija anadhani tunauza mitumba.

Halafu kuna yule kijana wa vyuma chakavu. Anapita kila asubuhi na mizani yake begani, anasimama getini, haniamkii mimi, analiamkia gari. "Mzee, nimepiga hesabu, hapo kuna tani na zaidi." Namfukuza. Kesho anarudi na bei mpya. Nikubali tu, katika watu wote waliowahi kuligusa gari hili, huyu ndiye pekee aliyetaka kunipa hela.

Maana ukoo wangu unatoa kumbukumbu. Kuna kundi la WhatsApp, siku hizi limechangamka kuliko wakati wa msiba. Dada wa Dodoma anakumbuka alivyotapikia kiti cha mbele akipelekwa bweni. Shemeji anakumbuka liliwabeba kwenye harusi yake. Baba Mdogo, yuko Dar, anatuma sauti za dakika saba: "Mwanangu, usilichezee hilo gari, 1975 lilishinda Safari Rally! Na 1978 tena!" Ni kweli, Peugeot 504 zilishinda miaka hiyo. Lakini Baba Mdogo, walioshinda ni ndugu zake. Hili la kwetu lilibeba ndizi na mbuzi. Na lile la 1978 lilikuwa la milango miwili, la injini ya V6, halina undugu na mbuzi yeyote. Nikaandika chini ya sauti hiyo: "Naomba mchango wa pampu ya maji." Kundi likatulia siku nne. Aliyelifufua ni binamu, kwa kutuma picha ya machweo yenye maneno "Mungu ni mwema".

Fundi wa kwanza alikuwa kijana ana ovaroli safi, jambo lililopaswa kunishtua. Akafungua mlango, akakaa kwa dereva, akatazama chini katikati ya viti, akapapasa, akatoka ananionea huruma: "Mzee, pole. Gia imeibiwa." Nikamwonyesha mkono wa gia, uko pale pale kwenye usukani ulipowekwa na Wafaransa. Akauvuta akidhani ni wa wipa, wipa zikagoma, akasema tatizo ni injini. Dawa yake: tung'oe yote, tuweke ya Noah. Mafundi wa siku hizi nawaogopa. Umwambie taa haiwaki, ni injini ya Noah. Mlango unagoma kufunga, ni injini ya Noah. Nadhani hata ukiwa na presha atakutafutia ya Noah, yenye kilomita chache.

Wa pili nilielekezwa Majengo. Fundi mzee, miwani imefungwa kamba, ujana wake wote aliumalizia kwenye Peugeot za abiria. Alikuja kwa miguu akaomba kiti na chai, akalitazama gari mpaka saa sita bila kuligusa. Mama watoto akaninong'oneza kama huyu tunamlipa kwa kutazama. Saa sita akainuka, akamtuma spana boi wake afungue kifuniko cha distribyuta, akazitoa pointi, vile vyuma vidogo vya kuleta cheche, nyeusi kama meno ya mvuta tumbaku. Akazisugua kwa msasa mdogo, taratibu, anapuliza, anazielekeza juani, anasugua tena. Akachana pakiti ya sigara, akaingiza kipande cha karatasi ngumu katikati ya zile pointi kupima nafasi, akakaza skrubu, akakivuta. Kikatoka kwa taabu kidogo. Akatabasamu. Akaomba betri, akashika waya wa plagi karibu na chuma, akaniambia pindua ufunguo. Cheche! Ya bluu, inalia tak, tak, tak. Sijui niseme nini. Nilikuwa na miaka 54 na nikaruka kama mtoto.

Akasema, "Meku, moto upo. Sasa tafuta hela."

Hapo ndipo kilio kilipo. Spea zinatoka Nairobi, barabara ya Kirinyaga, zinakuja na dereva wa basi zimeviringishwa gazeti. Pikapu za 504 ziliunganishwa sana Kenya, kwa hiyo unachopata ni cha pikapu. Kingine kinaingia, kingine hakiingii, na wewe huwezi kujua mpaka ulipe. Nina kioo cha nyuma cha pikapu ambacho hakina kazi duniani. Mama watoto amekifanya meza.

Bodi ndiyo imenimaliza. Fundi bodi alipoanza kukwangua, kila safu ya rangi ilikuwa na mwaka wake. Nyeupe ya maziwa, chini yake kijani ya milango ya shule, chini yake puti nene kama mkate. Chini ya puti ya sakafu kukatokea kopo la mafuta ya kupikia limepasuliwa, likanyooshwa, likapigwa ribiti. Maandishi bado yanasomeka. Na pembeni yake ule upenyo nilioujua: utotoni tulikuwa tunagombea kukaa pale, tuone barabara ikipita chini ya miguu. Fundi akataka kuuchomelea. Nikamwambia ngoja kidogo. Akanitazama, akazima mashine, akasema kungoja ni elfu tano.

Sijawataja wataalamu wa kulirembesha. Mtoto wa dada yangu anataka tulishushe liwe chini kama nyoka, rimu za inchi 17, vioo vyeusi, taa za bluu, na bufa pale safu ya tatu. "Ankoli, litakimbiza mtaani!" Nikamwambia hili gari likikimbiza mtu, huyo amekaa. Tukaelewana kwenye redio tu. Ameniwekea ya kisasa, inaunganika na simu, ila kila ikiwashwa mama mmoja anaongea Kichina kwa ukali. Simwelewi, lakini kwa sauti ile ananiuliza hela zimeenda wapi.

Miezi kumi na moja baadaye, Jumapili, tukapanda Kibosho. Viti vipya, nimeshonesha kwa laki nne na nusu, mama watoto kadhani ni laki mbili, naomba ibaki hivyo. Tulikuwa tisa ndani. Mlima ukaanza, mshale wa joto ukaanza, na mita mia tatu kabla ya kwetu rejeta ikapiga mluzi, mvuke ukafunika kioo. Waumini wanatoka kanisani, wanasimama, wanatoa pole, wanatoa ushauri. Kijana wa mayai ya kuchemsha akafika na ndoo yake na kachumbari. Nikamuuliza kama ana mabichi. Akaniambia, "Mzee, mabichi nani anakula?" Tukamnunulia sita, tukala tumekaa kwenye bampa tukingoja injini ipoe.

Mama ndiye aliyetuokoa. Aliuona mvuke kutoka uani, hakuuliza kitu. Mjukuu akaja anakimbia amelishika yai kwa mikono miwili, bado lina joto. Nikafungua rejeta, tukaongeza maji, nikalipasua yai humo, nikawasha. Mvuke ukapungua, ukawa uzi, ukakoma. Tukaingia uani kwa honi.

Mama akalizunguka gari kama mama watoto alivyolizunguka, ila yeye alikuwa analigusa. Akafungua mlango wa nyuma atazame viti. Kabla sijasema neno, yule mweusi mwenye kishungi akapita kati ya miguu yake, akaruka ndani, akakanyaga laki nne na nusu yangu mpaka safu ya tatu, akajizungusha mara mbili, akakaa.

Nikaokota fimbo. Mama akanishika mkono.

"Mwache," akasema. "Huyo ameshalipa nauli."