Kikokotoo cha mtaro: kanuni ni rahisi, mvua ndiyo ngumu

Siku hizi mtandaoni kuna vikokotoo vinavyomwomba mtu namba tatu tu: ukubwa wa eneo linalokusanya maji, ukali wa mvua, na sehemu ya mvua hiyo inayotiririka badala ya kuzama ardhini. Ukishazijaza, unapewa kiasi cha maji yatakayofika mtaroni pale mvua inapokuwa imepamba moto. Kanuni yenyewe ni ya kale. Thomas Mulvany aliieleza huko Ireland katikati ya karne ya 19, na Emil Kuichling akaitumia kwenye mifereji ya Rochester, New York, mwaka 1889. Wahandisi hawajaiacha hadi leo. Ninachopima hapa ni kama inafaa kuwekwa mikononi mwa watu wa mtaa katika jiji kama Dar es Salaam, watu ambao si wahandisi lakini ndio maji yanaowaingilia ndani.

Nianze na faida, kwa sababu naiona kubwa. Tuseme kuna kibonde cha hekta 12 chenye nyumba chache, miembe na mchanga mtupu, ambako theluthi moja tu ya mvua, au pungufu kidogo, ndiyo inayotiririka. Chukua 0.3, zidisha kwa mvua ya milimita 90 kwa saa, zidisha kwa hekta 12, kisha gawanya kwa 360 ili vipimo vigeuke kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Jibu ni 0.9. Kalvati la bomba lenye kipenyo cha sentimita 90, lililolazwa kwa mteremko wa asilimia 1 na kusafishwa, hupitisha takriban 1.8. Hapo hakuna wasiwasi.

Sasa kijaze kibonde hicho mabati, sakafu za saruji na barabara ya lami. Ile 0.3 inapanda hadi 0.7, na jibu linakuwa 2.1. Kalvati ni lile lile na mvua ni ile ile, ila maji yameshalishinda bomba. Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao milioni 2.5 katika sensa ya 2002. Sensa ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Kila paa jipya limeongeza maji kwa jirani wa bondeni, na jirani huyo huambiwa kwamba tatizo ni mvua za siku hizi. Kikokotoo kinampa namba ya kuweka mezani kwenye mkutano wa serikali ya mtaa. Eneo analipata bila gharama: tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora nyumba, njia na mitaro ya kata nyingi za jiji, na ramani hizo ziko wazi kwa yeyote.

Wanaopinga wana hoja. Ya kwanza ni kwamba kanuni hii inachukulia mvua kuwa inanyesha sawasawa eneo zima, na kwa muda unaotosha maji ya mbali kabisa kufika mtaroni. Hilo linakubalika kwa kibonde kidogo. Wengi huweka kikomo kwenye hekta 80 hivi. Halikubaliki kwa Mto Msimbazi, unaoanzia vilima vya Pugu huko, ukakusanya vijito njiani hadi daraja la Salander. Hoja hii ni ya kweli, lakini dawa yake ni nyepesi: kikokotoo kikatae eneo kubwa mno. Kwa mabonde makubwa ya vijijini, maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara ilishatengeneza njia maalumu ya mafuriko ya Afrika Mashariki mwaka 1976.

Hoja inayonitisha ni ya mvua. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata zaidi ya milimita 150 ndani ya saa 24, mvua kubwa kuliko zote tangu 1954 kwa kauli ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, na watu wapatao 40 wakapoteza maisha. Mtu mwenye nia njema anaichukua 150, anaigawa kwa 24, anapata milimita 6 na kidogo kwa saa, anaijaza. Kikokotoo kinamjibu kwamba kibonde chake kilichojengwa kitatoa mita za ujazo 0.15 kwa sekunde. Ni chini ya moja ya kumi ya kile nilichokokotoa hapo juu, na mtaro utakaochimbwa kwa namba hiyo utafurika katika mvua ya kawaida ya Aprili. Mvua haigawi maji yake sawasawa kwa saa 24. Humwaga kwa nusu saa, ikatulia, ikarudi. Kinachohitajika ni ukali wa dakika 20 au 30, na takwimu hizo mwananchi hazipati kirahisi kama anavyopata jumla ya siku.

Tena kuna mtego ndani ya mtego. Saruji inaongeza maji na pia inayaharakisha. Maji yakifika upesi, mvua ya kutumia kwenye hesabu ni ile ya muda mfupi zaidi, ambayo ni kali zaidi. Weka 120 badala ya 90, na ile 2.1 inakuwa 2.8, mara tatu ya kibonde cha miembe. Kikokotoo kinachomwachia mtumiaji ajaze ukali mwenyewe hakitamkumbusha hili kamwe. Wala hakijui kwamba kalvati limejaa mchanga na chupa za plastiki nusu yake, au kwamba bahari iko kwenye bamvua na mto hauna pa kumwaga.

Hata hivyo nasimama upande wa kukiweka wazi. Kukificha hakumwongezei mhandisi umakini, na mitaro isiyopigiwa hesabu yoyote inaendelea kuchimbwa. Ila kiulize muda wa mvua kabla ya ukali wake, kikatae jumla ya siku nzima, na kitoe majibu mawili, la mtaa ulivyo leo na la mtaa ukishajengwa wote. Hapo mwenyekiti wa mtaa atakaposimama mbele ya mkandarasi, hata kama hajui kingine, ataweza kumuuliza: hesabu hii umeweka mvua ya dakika ngapi?